Elfu Arobaini, Chakula Ndani

Kwenye karatasi ya majina, safu ya "Unatoka wapi",
nimeandika Tanga.
Si uongo. Tanga ndiko ninakolipia umeme.
Saa mbili kasoro, upepo wa Agosti unauma masikio,
na binti mwenye fulana ya njano anashika kipaza sauti:
"Naitwa Sechelela Malogo. Leo mimi ndiye macho yenu."
Anatufundisha salamu. Semeni: mbukwa.
Kosta nzima inasema mbukwa, kila mtu kwa lafudhi ya kwao,
mwalimu wa Newala anainakili daftarini.
Mimi nakohoa.

Kwanza tembo. Dodoma huanzwa na tembo.
Alishuka kunywa maji, tope likamshika,
watu wakasema idodomya, amedidimia,
na wageni wakaandika walivyosikia.
Mtoto wa kiti cha mbele anauliza: "Alitoka?"
"Hadithi haisemi," Sechelela anacheka.
"Lakini alitoka, au hakutoka?"
Mama yake anamfungulia juisi.

Juu ya jabali tunahema.
Chini, mabati: ya bluu, ya kijani, mekundu,
mpaka jicho lichoke.
Kule Bunge, kule chuo, kule Mtumba,
wizara zimepanga mstari kama watoto wa paredi.
Wote wanainua simu.
Mimi natafuta kitu kidogo,
hakionekani kutoka juu.

Msikitini tunavua viatu; zulia linameza nyayo.
Bungeni tunapiga picha ukuta.
Hombolo, Mama Nyemo anatuonjesha zabibu
na badala ya historia anatupa bei ya kilo,
jina la mnunuzi aliyemkimbia na deni,
namba ya simu yake isiyopatikana.
Hakuna aliyemsikiliza kama mimi.
Nimenunua kilo mbili, sikuomba apunguze.

Mchana: ugali wa uwele, mlenda.
Bwana na bibi wa Mbeya wanautazama unavyovutika,
wanaomba kuku.
Tonge langu linazama, linazunguka, linakata uzi,
sikudondosha hata tone.
"Mama, umezoea?"
"Nilikuwa nesi," nasema. "Nesi hula chochote."

Stesheni, mawe ya Mjerumani, saa iliyosimama.
Kisha gari linapunguza mwendo, halisimami:
"Hapa zilikuwa kota za reli. Hakuna cha kuona."
Naomba choo.

Kota zimebaki misingi, na nyasi kavu, na mbuzi wawili.
Bomba lipo. Halitoi maji,
koki imefungwa tambara kama kidole kilichokatwa.
Hapa mama alipanga ndoo saa kumi alfajiri,
hapa walisengenyana, wakapatana, wakasukana.
Na kwenye saruji, pembeni, ninajua pa kutazama:
unyayo wa Chiwanga, kaka yangu, miaka saba,
aliukanyaga ukiwa mbichi akachapwa kwa mkanda wa sare.
Vidole vitano. Kidogo cha mwisho kimejaa mchanga.
Naufukua kwa ukucha.
Chiwanga tulimzika Tabora, mvua ikinyesha,
viatu vyake namba kumi na moja.
Honi. Honi tena.
Naweka kiganja pale, kinatosha,
kinazidi kidogo.

"Choo kilikuwa mbali," nawaambia. Wananisamehe.

Jioni, kushuka, tunajaza fomu.
Umefurahia nini zaidi? Nimeacha wazi.
Mtoto amelala begani, ndevu za juisi kidevuni,
hajajibiwa bado.
Sechelela ananipokea mkoba wa zabibu mlangoni
na kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo:
"Mbukwa, mama."
Mdomo wangu ukatangulia.
Ukajibu, ukauliza za nyumbani, za ng'ombe, za watoto,
kwa Kigogo ambacho sikujua ninacho,
kwa sauti ya mama, ile ya foleni ya maji.

Hakucheka. Alifunua karatasi ya majina,
akaitazama Tanga, akaikunja tena.
"Kesho tuna Kondoa," akasema, "michoro ya miambani.
Elfu sitini."
Akanirudishia mkoba.
"Wenyeji tunawapunguzia."