Kukunja Msitu

Ofisi ya ramani, Cheyo, Tabora.
Saa nne usiku, feni inasaga joto lile lile.
Picha mia tatu na kumi na mbili za msitu wa Sikonge
zimelala kwenye diski iliyofungwa kwa plasta,
kila moja nzito kama gunia la mpunga,
na kompyuta ya serikali ina pumzi ya mwenye pumu.

Kapembe kapiga simu toka Dodoma: "Zikamue.
Jepegi inatosha. Msitu ni msitu,
nani atahesabu majani?"

Nikakamua. Gunia likawa kibaba.
Nikaunga ukingo kwa ukingo,
ramani ikafunguka upesi, kijani kibichi,
nikajipongeza kwa chai iliyopoa.

Kisha nikasogea karibu.

Njia ya Kalunde kwenda kwenye mizinga yake,
njia ya upana wa baiskeli moja,
imekatika. Badala yake vijiraba,
nane kwa nane, rangi ya matope na mchicha.
Na weusi wa pembeni, uliokuwa sifuri,
si sifuri tena: ni moja, ni mbili, ni tatu,
na mashine, iliyofunzwa kufuta sifuri tu,
imeuacha kwenye kila mshono
kama masizi ya sufuria.

Akiba haiozi, tulifundishwa.
Hii huoza. Ukiifungua ukaihifadhi tena,
inaoza kidogo, bila harufu.

Alhamisi kijiji kinakuja kutia saini mpaka.
Mpaka unafuata njia ile.
Nitamwambia nini Kalunde?
Kwamba alipita miaka ishirini
mahali ambapo hapajapata kupitwa?

Nimefuta. Naanza upya.
Safari hii nakunja, sikamui,
kama mkeka unavyokunjwa:
ukiutandika, kila ukili upo
na uzi wake, hata ule uliokosewa.
Gunia litabaki zaidi ya nusu gunia.
Saa saba za kusubiri, umeme ukituhurumia.
Ya kuwaonyesha wakubwa nitaikamua mwisho kabisa,
mara moja, na nakala tu,
wao hawasogei karibu.

Asilimia kumi na tisa.
Mbwa wa jirani anabwekea kitu asichokiona.
Simu inawaka: Kapembe.
Naigeuza kifudifudi juu ya meza.

Asilimia ishirini.