Kidole Gumba

Kazi yangu ni kukagua mizani.
Marikiti, alfajiri, malori ya kabichi yakishusha,
naweka jiwe langu la shaba juu ya sahani
na kungoja mshale utulie.
Nimeona sumaku chini ya meza,
mawe yaliyotobolewa tumbo,
na kidole gumba, mwizi hodari kuliko wote,
kinachoegemea bila mwenyewe kujua.

Kerubo, dada yangu,
umeniletea karatasi ya kliniki ya Barabara ya Ngong:
vikao arobaini ndani ya pipa la kioo,
oksijeni tupu, presha ya mpiga mbizi,
ili Momanyi asimame.
Na kadi ya mchango. Jina langu la kwanza,
mbele yake nafasi tupu.

Nimekesha siku tatu nikisoma.
Lile pipa si uganga, sikufichi.
Mpiga mbizi aliyeibuka haraka,
damu ikitoa povu kama soda, huponea humo.
Ekiru, bawabu wetu, aliyelala na jiko la makaa
mlango ukiwa umefungwa:
kwake ningetia sahihi bila kuuliza bei,
ingawa hata hapo madaktari bado wanabishana.
Kidonda cha sukari mguuni mwa mjomba:
mshale unayumba, unainama kidogo
upande wa ndiyo.

Lakini watoto kama wetu
waligawanywa kwa kura.
Hawa oksijeni, wale hewa hii hii yetu,
pipa lile lile, mlio ule ule wa masikio,
mama nje ya kioo akipunga mkono.
Wote wakasogea mbele.
Sawasawa.

Basi kilichoinua sahani ni nini?
Presha? Miezi? Mama aliyeacha kibanda chake
akashinda uso kwa uso na mwanawe?
Mshale haukusema.

Unaniambia mtoto wa Bosibori sasa anaita maji.
Naamini. Ila mtoto wa miaka mitatu
hukua hata Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa.

Jana nilimpa Momanyi jiwe langu la nusu kilo.
Alilishika kwa mikono miwili
muda mrefu kuliko wiki iliyopita,
au nilihesabu polepole.
Nikatazama mkono wangu:
kidole gumba kiko juu ya sahani.

Kadi nimeijaza. Kiasi ni kile kile ulichotaka.
Neno "pipa" nimelikata, nikaandika
"mazoezi, Jumanne na Alhamisi, na nauli."
Kasirika, dada. Kisha nipigie.