Hisa Moja ya Kihispania

Saa kumi na mbili na nusu, kengele haijagongwa,
sisi tisa wa darasa la saba tumeshakaa
kwenye maabara ya kaka zetu wa sekondari,
viti virefu, miguu inaning'inia,
bomba linadondosha tone, tone.

Januari mwalimu mkuu alituambia:
mkifaulu hiki, alama zitawatangulia,
mtafika kidato cha kwanza mkute somo moja limeshalipwa.
Mama akaelewa upesi kuliko mimi.
"Ni kikoba hicho," akasema, anakunja vitenge vya mkopo.
"Unaweka hisa, Desemba kinavunjwa, kila mtu anabeba chake.
Ila uliza: ukihama, hisa unaondoka nayo?"

Sikuuliza.

Mwalimu Ngaiza alisomea kilimo cha miwa Kuba.
Herufi s anaimeza kama kidonge bila maji.
Jina? Me llamo Tatu.
Unaishi wapi? Mbagala, Rangi Tatu.
Alicheka mpaka miwani ikamtoka,
akaandika kwenye mahudhurio: Tres, wa Tres Colores.
Sasa hata mpishi wa shule ananiita Tres.

Akatuambia meza ni mwanamke, kitabu mwanamume.
Thabiti akanyoosha mkono:
"Na daftari, mwalimu, ni mtoto wao?"
"Wa kiume," akajibu, hajacheka.
Nikawaza ngeli zetu, ki-vi, li-ya, u-zi,
tulivyovipanga vitu vyote
bila kukiuliza hata kimoja kinavaa nini.

Lakini mesa! Hiyo ninayo nyumbani,
mguu wake mmoja ni tofali.
Bandera inapepea pale uwanjani.
Azúcar Mama huniagiza robo kwa Mangi.
Maneno haya yalifika kwetu kabla yangu,
yakavua viatu mlangoni, yakapewa chai,
yakasahau kurudi.

Tatizo ulimi.
Tangu chekechea, l na r kwangu ni mapacha,
mmoja akibisha hodi namfungulia mwingine.
Nilitaka kusema: jirani ana mbwa wawili, wanabweka usiku.
Nikasema: jirani ana nywele mbili, zinabweka usiku.
Kokubelwa alianguka na kiti chake.
Perro, Tres. Siyo pelo. Perro.
Jioni, nyuma ya nyumba, karibu na karo,
nilipiga rrr kama pikipiki iliyolala na mvua.
Haikuwaka.
Mbwa wenyewe walikuja wakakaa kunitazama.

Siku ya mtihani, sauti kwenye redio ilitoka Hispania kwenyewe.
Tano ikawa thinko.
Wenzangu waligeuka kumtafuta Mwalimu dirishani.
Mimi nikasema moyoni: th ya thelathini,
th ya methali, hiyo tunayo, nikaandika.
Swali la kumi na moja mwanamke akasema ojalá,
neno ambalo Mwalimu alituambia
ni la Waarabu, Mungu akipenda, limebadilisha kofia tu.
Nikamsikia Mama, kila asubuhi, anafungua kufuli la genge:
inshallah leo watanunua.

Sitini na moja. Kufaulu ni sitini.

Mwaka huo vitenge havikutoka.
Ada ya sekondari ile ikabaki kwenye karatasi yake,
mimi nikaenda shule ya kata, madawati manne kwa wanafunzi kumi.
Karani akakishika cheti kwa ncha za vidole,
akakigeuza, akatazama nyuma kama kuna maelezo.
"Hii ya nini?"
Akanirudishia.

Mama hakusema nilikwambia.
Alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni,
chini ya godoro, pamoja na daftari la kikoba.

Usiku wa leo wanabweka tena.
Nimelala chali, nasema taratibu,
perros,
na rr ikawaka, ikanguruma, haikuzimika.
Nikarudia. Perros. Perros.
"Unasemaje huko?" Mama, nyuma ya pazia.
"Nasema mbwa."
"Basi waambie walale."