Hereni za Manjano

Ukungu umeondoka juzi. Umeuacha mlima wa Qara
kijani kama kitenge kilichofunguliwa leo dukani,
nami nimepanda na gari la idara,
sanduku la chanjo, barafu,
na koleo la kutobolea masikio.

"Wangapi?" namuuliza Musallam bin Ghabit.
"Wa Mungu," anajibu, anatazama nyuma ya nyumba.
Hapa mtu hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo.
Basi nahesabu kwa hereni:
kumi na tisa, arubaini, arubaini na tatu,
mtamba kanipiga teke la goti,
arubaini na nne.
Jua linafika utosini, ni sabini na mmoja.
Mwaka juzi, daftari linasema, hamsini.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete aliyezeekea Barka,
hupenda kusema ng'ombe haelemewi na nunduye.
Namfasiria Musallam kwa Kiarabu changu cha Maskati.
Anacheka. Kweli, anasema, kweli tupu.
Kweli kwa ng'ombe, Musallam.
Mimi nasemea mlima.
Tazama ule mtini: umegugunwa
mpaka pale shingo ya ngamia inapokoma,
juu umebaki mwavuli, chini mifupa.

Nyasi hizi ni za wiki chache.
Disemba zitakuwa rangi ya mkate,
Februari zitakuwa vumbi,
nawe utashuka Mirbat na pikapu
kununua magunia ya dagaa wakavu
(na gunia, mwenyewe wajua, halishikiki),
na maziwa yatanuka pwani
hadi wajukuu wayasukume pembeni.

Na kule Salala, kwenye friji za supamaketi,
nyama iliyovuka bahari mbili ndani ya boksi
inauzwa nusu ya bei ya fahali wako.
Mwanao ndiye anayeinunua.
Nilimwona. Sikusema.

"Niuze yupi?" ananiuliza, na si kwa hasira.
Nafungua daftari. Namba 417:
jike jeusi, meno yamesagika,
misimu mitatu hajashika mimba,
mbavu nazihesabu bila kumgusa.

Musallam anamtazama muda mrefu.
"Huyo," anasema, "ndiye ajuaye njia.
Ukungu ukishuka huoni mkono wako mwenyewe.
Kule kwenye genge walianguka wanane wa jirani
mwaka alipouza kikongwe chake.
Wangu wanafuata mkia wa huyu."

Daftari langu lina safu ya uzito,
safu ya chanjo, ya umri, ya mimba.
Ya mkia haina.
Nikaandika pembezoni, kwa penseli.

Halafu, bila kuulizwa, akanyoosha fimbo:
"Yule. Yule. Na wale watatu wanaopigana."
Mafahali watano kati ya saba.
Walikuwa wa heshima tu, akasema, wa kutazamwa na wageni,
na heshima inakula kuliko mbuguma anyonyeshaye.
Watashuka sokoni kabla ya Idi.

Haitoshi. Najua, naye anajua.
Sitini na sita bado ni wengi kwa bonde hili,
na mlima hauna wa kuusemea
ila mtu mwenye kofia ya idara na goti linalouma.

Nafunga sanduku. Tunapeana mikono.
Nyuma ya nyumba, ndama analia.

Musallam anaitazama sana kandambili yake.
Nafungua sanduku tena.
Sitini na saba.