Mshono wa Pipa

Walileta karindula Alhamisi, baada ya bukari,
kwenye nyumba ya wazee, Katuba:
pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne,
na Ngosa, juu ya kiti cha mtawa.

Mama Kyabu alipiga makofi nje ya mdundo,
akacheka, akaendelea kukosea.
Wawili walisinzia. Redio ya jikoni haikuzimwa.

Mzee Musonda, tangu Pasaka hajatoa neno,
miaka thelathini mchomeleaji kiwandani,
alijikokota na mkongojo wake
akaweka kiganja ubavuni mwa pipa, si kwenye ngozi,
akapapasa mshono wa chuma
kutoka juu hadi chini.

"Nani alichomelea hii?"

Ngosa akaachia nyuzi.
"Sijui, mzee. Nilinunua sokoni."

"Vibaya," akasema Musonda,
kiganja pale pale.
"Piga tena."