Isipokuwa Moyo

Barua ya bima imefika leo, kurasa kumi na moja.
Nimeisoma wima, koti mwilini,
viatu vina tope la bustani.
Wamezikubali figo za Emrys.
Wameyakubali meno yake, goti la kulia, goti la kushoto,
hata kidole kile alichokiacha nusu kiwandani Ruabon.
Ukurasa wa tisa, chini kabisa, herufi kama sisimizi:
isipokuwa moyo, na yote yatokanayo na moyo.

Nikacheka peke yangu jikoni.
Yote yatokanayo na moyo!
Basi hata kuhamia Ufaransa hakumo,
hata nyumba hii ya mawe inayovuja tangu siku ya kwanza,
hata mimi.

Ana miaka hamsini na tisa.
Pensheni ya serikali inamngoja kwenye sitini na saba,
na ile fomu, fomu moja ifunguayo milango ya hospitali za huku,
hutembea nyuma ya pensheni kama mkia nyuma ya ng'ombe.
Ng'ombe hajafika; mkia utauona wapi?
Miaka minane.
Tulijisifu kwa majirani kule Wrexham kwamba tumeiiba kazini,
tukagonga glasi,
tukauza gari.

Jumanne tulikwenda Guéret, dirisha la tatu.
Bi. Lacombe, sauti laini, miwani ikining'inia kwa uzi wa buluu.
Kitundu cha kusemea wamekitoboa chini mno,
sharti uiname, kama mtaka cha mvunguni.
Nikainama.
Nikapitisha cheti cha ndoa, bili ya umeme, hati ya nyumba,
tafsiri yenye muhuri,
na muhuri wa kuthibitisha muhuri.
Akazikusanya, akazigonga mezani mara mbili, kingo zikalingana.
"Hazitoshi, bibi. Mna wiki saba tu hapa.
Rudini mkitimiza miezi mitatu."

Ule mgongo wa karatasi ukigonga meza
ninaujua.
Ni wangu.
Miaka thelathini na moja nimekaa mapokezi,
upande wa pili wa kioo, nikigonga hivyo hivyo, mara mbili.
Alikuja Mreno mmoja wa machinjio ya kuku,
jina lake Adelino, nililiandika vibaya akalisahihisha kwa aibu,
mkewe nyuma yake kashika ubavu.
Nikamwambia, hazitoshi.
Nilimwambia kwa upole,
nikadhani upole ndio msaada wenyewe.
Saa nne na nusu nikaenda kunywa chai.
Sikumbuki kama walirudi.
Nimejaribu sana wiki hii kukumbuka kama walirudi.

Usiku sikio langu li kifuani pa Emrys.
Unakwenda, unakwenda, unaruka kimoja, unakwenda.
"Unahesabu tena?" anauliza gizani.
"Nahesabu siku," namjibu. "Arobaini na moja."
Mwili hausomi kalenda, lakini sisemi.
Tumeibandika jokofuni, kalenda ya mwoka mikate,
na kila asubuhi yeye huchora mkasi juu ya siku iliyopita
kama mfungwa mwenye furaha.

Leo mvua imekatika, naye kapanda kuzibua mfereji wa paa.
"Shuka," nasema.
"Goti limo kwenye mkataba," ananijibu toka juu,
majani meusi yanamdondoka mkononi.
"Nikianguka nitahakikisha naangukia goti."

Sijibu.
Nimeukanyaga mguu wa ngazi, nimeishika kwa mikono miwili.
Mbao ni mbichi, nyembamba, zinachukua kila kitu:
upepo, uzito wake akihama,
na kitu kingine kinachoteremka polepole hadi viganjani,
kinakwenda, kinakwenda,
kinaruka kimoja.