Upindo

Sheria inasema mtoto chini ya miaka saba
anafaa kukaa na mama yake.
Sikujua kwamba saba ni mlango.
Nilimpikia keki mwenyewe, kwenye sufuria,
mkaa juu, mkaa chini,
na mishumaa saba nikaipunguza kwa kisu
ifanane urefu.
Mfaume alileta soda, kreti nzima.
Akasimama akiitazama ile mishumaa.
Sasa najua alikuwa anahesabu.

Mahakamani Temeke walisoma:
Sikudhani Mfaume, wa kike, miaka saba na miezi miwili.
Karani akainua uso kama mtu aliyejibiwa.
Ni jina la bibi yangu, nikasema, na hakuna aliyeuliza.
Baba ana vyumba vitatu Tabata, bomba ndani.
Mama ana chumba kimoja Tandika
na cherehani inayolia mpaka saa sita usiku.
Hakimu hakuwa mtu mbaya.
Alivua miwani kwanza.

Karatasi nimeikunja mara nne,
iko kwenye kopo la vifungo:
Jumamosi ya kwanza na ya tatu,
saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni.
Mchango wa mama: sare, mbili kwa mwaka.
Majirani wakasema, heri yako, wenzio wanadaiwa fedha.
Kweli. Sare naweza.
Nimewashonea nusu ya watoto wa Tandika,
hata wa yule mama asiyelipa.
Lakini fundi hashoni kwa kukumbuka.
Fundi hupima.

Basi Jumamosi, kabla ya chai, kabla ya habari za shule,
nampitishia futi:
bega, kifua, kiuno, sketi.
Anajikunja, kwapa linamtekenya.
"Mama, wewe kila siku kunipima!"
Si kila siku, mwanangu.
Ingekuwa kila siku
nisingehitaji futi.

Masika ilipoanza, Mfaume akasema ana mafua.
Kisha wamekwenda Utete, kwa babu.
Kisha simu ikawa haipatikani.
Jumamosi nne nilivaa, nikavua.
Ustawi wa Jamii wakaniambia niandike barua.
Niliandika. Wakaniambia niipige chapa.

Usiku mmoja, namba nisiyoijua:
*Bega 12 na nusu. Kifua 25. Kiuno 22.
Sketi mpaka gotini 17.
Jino la mbele limeota, limekaa upande kidogo.
Usimwambie baba yake. R.*

Rukia.
Niliyekuwa nimemsema
mpaka kanga zikaishiwa maneno.
Rukia amepiga magoti jikoni kwake na futi ya kuazima,
mlango kaurudishia,
na mtoto anajikunja, anacheka,
"Na wewe?"

Nimekaa na ule ujumbe mpaka mkaa wa pasi ukawa majivu.
Nikakata kitambaa cha bluu.
Namba zake nilizifuata zote,
hata ile nusu.
Sketi ikatoka ya inchi kumi na saba
na upindo wa inchi nne,
upindo wa kipuuzi, mzito, ambao mwalimu wangu wa ufundi
angenichapa nao.
Sikuupitisha kwenye cherehani.
Niliushona kwa mkono, mishono mirefu, uzi sikuukaza,
ili hata asiye fundi
akiona magoti yanatoka
aweze kufumua, ateremshe, ashone tena.

Nimefunga kwenye gazeti.
Ndani nimetia kiberiti kitupu,
sindano imelazwa humo, na uzi wa bluu.
Nilitaka kuandika asante, mkono ukakataa,
bado una hasira zake.
Juu ya kiberiti nimeandika jina la mtoto tu.
Rukia amesoma.
Ataelewa.